Kwa Mwenye Kuandika Majina Getini

Wanangu, nimesikia mmetoka semina. Mmoja wenu amekuja kunionyesha cheti, tayari amekitia kwenye fremu, nami nimempa mkono wa hongera kwa moyo mweupe. Ukumbi mzuri pale Njombe mjini, mwezeshaji kutoka Dar es Salaam, karatasi kubwa ukutani, kazi za vikundi, chai ya saa nne, wali kuku mchana, posho jioni. Mmefundishwa ujumuishi, usawa wa fursa kazini, na namna mtu mmoja anavyoweza kuwavuta wenzake watende haki. Ni mambo mema, na sina ugomvi na aliyeyafundisha. Ila nimeziona semina nyingi zikija na kuondoka, na baba zenu niliwaambia haya haya, wakaitikia "ndiyo mzee," wakaenda zao. Nikayaacha. Leo nayarudia kwenu polepole, bila hasira, maana hasira nayo inataka nguvu.

Sisi wa Ipelele, kule Makete, tunajulikana kwa baridi ya kwetu na kwa kutokukaa. Kijana wa Kikinga akipata nauli tu, utamkuta Makambako anapanga duka, au Njombe kwenye mbao, au Mbeya, au Kariakoo. Ndivyo mlivyofika mlipo. Wengine wenu sasa ni wasimamizi kwenye maghala ya kufungashia parachichi, wengine makarani kwenye mashamba ya chai, mmoja yuko halmashauri. Hakuna hata mmoja aliye mkurugenzi. Ndiyo maana nasema nanyi. Mkurugenzi haandiki jina la kibarua.

Nendeni getini saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba, ukungu haujanyanyuka. Watu wamejikunyata ndani ya makoti ya mtumba, kina mama wengine wana watoto mgongoni, pumzi zinatoka mdomoni kama moshi. Anatokea kijana na kauntabuku na peni. "Leo nataka thelathini." Waliosimama ni mara mbili ya hao. Anapitisha macho. Wewe. Wewe. Wewe wa kofia. Mama, wewe pumzika leo. Nani yule, mtoto wa mzee fulani? Pita. Dakika kumi hazijaisha, shughuli imekwisha, na waliobaki wanarudi nyumbani siku yao ikiwa imekufa. Mwenye kampuni amelala Dar es Salaam au ng'ambo. Hajui kwamba asubuhi hiyo, kwa jina lake na kwa fedha yake, mtu amebaguliwa. Kijana mwenyewe pia hajui. Ukimuuliza atakwambia amechagua wenye nguvu.

Huyo kijana, wanangu, ndiye mwenye ushawishi mnaofundishwa. Mpini ameushika yeye.

Msidhani mambo haya yamevumbuliwa juzi. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitoa Waraka wa Rais Namba 1, yakaanzishwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma ili mtu wa chini naye asikike. Mwaka uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikamkataza kiongozi kuwa na kiburi, dharau na ukandamizaji. Wakati huo mimi ni kijana, kibarua wa reli ya TAZARA iliyokuwa ikipanda kutoka Mlimba kuja Makambako, na jioni kambini tulibishana juu ya ibara hiyo mpaka taa zinazimwa. Dar es Salaam wenzetu walikwenda mbali zaidi: mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimkataa mwenye kiwanda, wakakiendesha wenyewe. Wakubwa waliogopa kidogo, wakajifunza kumwita kila mtu "ndugu". Lakini mnyapara aliyekuwa akimpa shemeji yake kazi nyepesi aliendelea kumpa. Tofauti ni kwamba sasa aliyembebesha mzigo mzito naye alimwita ndugu.

Na mabaraza? Mengi yalikuwa ya kupiga makofi. Ajenda ilitoka ofisini imeshaiva, sisi tukaiitikia.

Kilichonifundisha mimi ni kokoto. Kwenye reli ile, sisi na mafundi wa Kichina hatukujuana lugha. Fundi akitaka kokoto zishindiliwe chini ya taruma kwa namna fulani, alivua koti, akashika chombo, akashindilia mwenyewe mbele yenu, kisha akakukabidhi. Ukikosea anarudia, jasho linamtoka. Hawakuwa malaika, na kambi zao zilikuwa mbali na zetu. Lakini tulikuwa vijana wa kila mkoa, hatujui hata desturi za anayelala kitanda cha pili, na nakumbuka hakuna aliyesubiri kuambiwa mara mbili. Reli ilikamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa mwaka uliofuata, na mpaka leo treni inapita Makambako juu ya kokoto zile.

Sasa nituseme sisi wenyewe. Makambako ni njia panda: barabara ya Songea inaachana pale na barabara kuu ya kwenda Zambia, na stesheni iko pale pale. Basi mtawakuta Wabena wenye mji, Wahehe, Wapangwa, Wangoni, Wanyakyusa, na sisi tulioshuka kutoka Makete. Mkinga akipata usimamizi, mwaka haupiti utasikia Kikinga ghala zima. Nami napenda Kikinga, nimekinyonya. Lakini mkikizungumza mezani na kucheka, na Mngoni mmoja amekaa katikati yenu na sahani yake, yeye anajua mnamsema, hata kama mlikuwa mnazungumzia mvua. Akiondoka kazini mwezi ujao mtasema hakuwa mvumilivu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, imetaja kabila na mahali mtu alikotoka, pamoja na rangi, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, umri, na VVU. Yameandikwa yote. "Mtu wa kwetu" haimo miongoni mwa sababu zinazokubaliwa za kumpa mtu kazi.

Karani wa mizani kwenye chai, nawe una lako. Jani likiwa limelowa unakata kilo kwa ajili ya maji. Sawa, maji hayauzwi. Lakini kapu lile lile, mvua ile ile, mbona huyu anakatwa kilo moja na yule mbili? Baba yako alilima viazi Makete. Gunia lake lilijazwa likashonewa kilemba juu, lumbesa, na bei ikabaki ya gunia moja; aliumia nayo miaka na miaka, na ada yako ya shule ilitoka kwenye viazi vile vile. Inakuwaje mtoto wa aliyelizwa na lumbesa akipewa mizani anaanza kuliza wengine? Hilo nimelifikiria sana usiku, sipati jibu. Naona mtu akinyanyaswa hajifunzi huruma moja kwa moja. Wengine wanajifunza tu jinsi ya kunyanyasa.

Niingie kwenye jambo ambalo mkoa wetu hauwezi kulikwepa. Utafiti wa kitaifa wa 2011 na 2012 uliukuta mkoa wa Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 14.8, ya juu kuliko mkoa mwingine wowote. Ule wa 2016 na 2017 ukatukuta na 11.4, na wa 2022 na 2023 ukatukuta na 12.7, wakati taifa zima lilikuwa 4.4. Sisi wa Makete hatuhitaji takwimu. Tulizika, tukalea wajukuu. Ina maana kwenye meza yoyote ya kuchambulia parachichi yenye watu wanane, mmoja anaweza kuwa anameza dawa asubuhi kabla ya kuja. Anafanya kazi kama wewe, pengine kukuzidi. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kumnyanyapaa na kutangaza hali yake. Lakini unyanyapaa wa siku hizi haupigi kelele. Unakaa kwenye vikombe.

Mahali nilipowahi kufanya kazi, sipataji, kulikuwa na dada aliyeonekana akitoka kliniki. Hakuna aliyemtukana. Ila kikombe kimoja cha bati kikafungwa uzi mwekundu wa sufu kwenye mkono wake, na kila saa nne, kwa namna isiyoeleweka, kikombe hicho kikawa kinamfikia yeye. Msimamizi aliona. Ofisi iliona. Bango la kupinga unyanyapaa lilikuwa limebandikwa juu ya ile meza ya chai. Kisha akaja mpishi mpya, mama wa makamo, Mbena, hana cheti wala nini. Siku ya pili akachukua kikombe cha uzi, akajimiminia chai yake, akanywa huku akihesabu maandazi, akasema, "Leteni vikombe, chai inapoa." Wengine walinuna. Wawili wakawa wanakuja na vikombe vyao kutoka nyumbani kwa muda mrefu tu. Lakini uzi ulikatwa wiki ile ile, na sikumwona mtu anayekiri kwamba aliufunga. Yule mama hakuwa na cheo cha kumwamuru hata mfagizi. Mwezeshaji wenu akirudi, mwulizeni jambo hilo analifundishaje, maana mimi nimeshindwa kulifundisha zaidi ya kulisimulia.

Tena lipo ambalo wanaume mnaliongea kwa kucheka, na mimi sicheki. Mwenye kauntabuku akimwambia binti "tutaonana jioni" kabla hajaandika jina lake, hilo ni kosa la jinai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kimelitaja waziwazi, na TAKUKURU wana ofisi Njombe. Kijana wangu, usiniambie binti mwenyewe alikubali. Aliyesimama kwenye baridi na mtoto mgongoni hana nafasi ya kukataa, na wewe unalijua hilo vizuri, ndiyo maana unamwuliza pale getini na si sokoni.

Kuhusu ndugu zetu wenye ulemavu nitasema machache, maana sheria yenyewe iko wazi: tangu mwaka 2010, mwajiri mwenye watu 20 au zaidi anatakiwa kuajiri watu wenye ulemavu wenye sifa, wafikie asilimia tatu. Watu mia, watatu. Nimezunguka sana huko, ninaowaona wamewekwa mlangoni. Kuchambua matunda ni kazi ya kukaa, ya macho na vidole. Mguu uliopooza unaizuia wapi? Na mwenye ualbino unampangaje kuchuma juani wakati kuna nafasi ndani ya ghala? Hapo hapahitajiki bajeti wala mfadhili. Anahitajika mtu wa kupanga zamu mwenye akili timamu.

Najua mtakachoniambia. Mtasema, babu, sisi tu wadogo, tukibadilisha utaratibu tutaonekana wajuaji, tutafukuzwa. Inawezekana. Sitawadanganya kwamba mtenda haki hapati hasara kazini. Wengine wamepata na nawajua. Lakini pimeni mnachoogopa. Hakuna meneja aliyewaagiza mzungumze Kikinga mezani, wala aliyewaagiza mkate kilo mbili badala ya moja, wala aliyetoa amri ya uzi mwekundu. Mengi ya haya mmeyaweka wenyewe, na mnaweza kuyaondoa bila barua ya mtu. Yanayohitaji barua yapo, mishahara na mikataba, na kwa hayo kipo chama cha wafanyakazi na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nayo ina foleni, msikate tamaa.

Nimechoka, acheni nimalizie na wewe, binti yangu uliyepewa usimamizi msimu huu, maana ndugu zako wanakutazama wewe. Usiitishe kikao. Andika orodha ya vibarua wote wanaokuja getini, iende kwa zamu, aliyekosa leo aanze kesho, ibandike ukutani nje ambapo kila mtu anaisoma. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti. Weka kiti kwenye meza ya kuchambulia kwa ajili ya kijana mwenye mguu uliopooza. Anayenyonyesha mpe muda wake wa kunyonyesha, mpaka saa mbili kwa siku, asiuombe kwa kupiga magoti. Na mkubwa akikuuliza nani amekuruhusu kufanya hayo, mjibu kwa adabu kwamba ni Sheria Namba 6 ya mwaka 2004, na maelezo ya haki za wafanyakazi zilizomo humo anatakiwa ayabandike mahali panapoonekana.