Kofia Ngumu na Amri ya Tano



Asafiriye kutoka Biharamulo kwenda Ngara na mpaka wa Rusumo hupita katika nchi ya Lukole. Jina hilo wengi wenu mlilisikia kwa ajili ya wakimbizi. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1993, maelfu kwa maelfu walipata hifadhi pale, mpaka kambi ilipofungwa mwaka 2008. Siku hizi barabara za upande ule zina malori makubwa yaendayo Rwanda na Burundi, na kando ya malori hayo hupenya vijana wa bodaboda, wakichukua wagonjwa, wanafunzi, mikungu ya ndizi na kina mama waendao sokoni. Kazi yao ni ya halali, tena ya msaada mkubwa. Bila wao vijiji vingi vingekuwa mbali sana na hospitali.

Lakini zitazameni kofia zao ziko wapi. Yuko aliyeitundika kwenye kiwiko kama kikapu. Yuko aliyeiweka juu ya tangi la mafuta. Mwenzake ajaye kutoka mbele humwashia taa kumwonya kwamba askari yupo, naye huivaa upesi, mkanda haufungi, na akishapita huivua. Abiria wake hana kofia, wala hana habari. Basi twauliza: kofia ya namna hii yamlinda nani, na kwa hatari gani? Yamlinda dereva asitozwe faini. Kichwa chake na cha abiria vimebaki wazi.

Mtakatifu Paulo aliwafundisha Warumi kwamba yapasa kuyatii mamlaka, si kwa kuogopa adhabu tu, bali kwa ajili ya dhamiri. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 7 Desemba 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliwakemea waziwazi wale wanaozidharau sheria za afya na za mwendo wa magari, kwani kwa uzembe huo huhatarisha uhai wao na wa wenzao. Mwezi Juni 2007 Baraza la Kipapa lililokuwa likiwashughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za waendesha magari. Amri ya kwanza kati yake ni ile tuijuayo kuwa ya tano: usiue. Baraza hilo ndilo lililokuwa na mzigo wa wakimbizi pia. Kwa watu wa Lukole jambo hilo halihitaji maelezo marefu: aliyekimbia kifo nchini kwake asikikute kwa kukosa kofia.

Wako wanaosema, "Siku ikifika, imefika, kofia haitazuia." Maneno hayo yana sura ya imani, lakini ni kumjaribu Mungu. Mwezi Mei 1935, huko Uingereza, askari mashuhuri T. E. Lawrence alianguka na pikipiki, kichwa kikiwa wazi, akafa siku chache baadaye. Daktari mmoja aliyemhudumia, Hugh Cairns, hakutosheka na kusikitika. Alichunguza vifo vya wapanda pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 jeshi la Uingereza likawaamuru wapelekao barua kwa pikipiki kuvaa kofia ngumu. Nao wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi mwaka 2008 waliona kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mwenyezi Mungu aliyetupa akili ya kujua hayo hakutupa ili tuiweke kando tupandapo pikipiki.

Sasa tuseme na askari, maana wengi wao ni watoto wa nyumba zetu. Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji na kumwuliza yawapasayo, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, na waridhike na mishahara yao. Mwaka 2021 Serikali ilishusha faini ya kosa moja la pikipiki kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, kwani hapo kwanza mwenye pikipiki alitozwa sawa na mwenye gari. Ilikuwa haki. Lakini askari akipokea nusu ya fedha hiyo mkononi, pasipo hati, akamwachia kijana aende vilevile kichwa wazi, ameuza nini? Ameuza kichwa cha kijana, na cha mama aliyeketi nyuma yake, ambaye hakuulizwa bei. Naye kijana aliyetoa hongo asijihesabie haki. Ameinunua ruhusa ya kujiua. Tena iko desturi mbaya ya kumrukia mpanda pikipiki aliye mwendoni, au kumkimbiza mpaka aanguke. Sheria iliyowekwa ili mtu asife yatumiwaje kumwangusha?

Abiria nao wana udhuru wao. Mama amesuka nywele jana. Kofia inanuka jasho la watu kumi. Wengine huogopa mba. Hatuwacheki, maana kofia nyingine kweli ni chafu. Lakini kitambaa chepesi chini ya kofia chatosha, na dereva mwenye adabu huiosha na kuianika juani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamtaka mpanda pikipiki avae kofia, na kanuni za mwaka 2010 za kuchukua abiria kwa malipo zilimtaka dereva ampatie abiria naye. Torati ya Musa ilijua jambo hili zamani: ajengaye nyumba aweke ukingo darini, asije mtu akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Ukingo ule haukuwa kwa ajili ya mwenye nyumba peke yake, bali kwa mgeni pia.

Kwa hiyo, enyi wazazi, mwuzapo kahawa au ng'ombe ili kumnunulia kijana pikipiki, hesabuni kofia mbili pamoja na bei yake, kabla ya redio na mapambo. Kazeni mkanda dukani mwone kama washika. Wala msiwapakie watoto watatu wa shule juu ya pikipiki moja, ule mtindo uitwao mishikaki, kisha mkamlaumu dereva peke yake. Nauli imetoka mfukoni mwenu, na akiba mliyoipata ni shilingi chache.

Nao makatekista, na hata mapadre, waendao vigangoni kwa pikipiki siku ya Dominika, waingie uwanjani pa kanisa wakiwa wamevaa kofia, mkanda umefungwa. Vijana wanaongoja mlangoni huwatazama wao kabla ya kusikia mahubiri.