Lau Tungalikuwako Sisi

Ndugu msomaji, kila watu wanapozungumza juu ya utumwa, hakosekani mmoja wa kusema: "Lau ningalikuwako mimi, nisingalikubali." Husema hivyo kwa moyo safi. Akisikia habari za mtumwa aliyenyamaza, humwona mwoga. Akisikia habari za bwana aliyempiga mtumwa, humwona mnyama. Mwenyewe hujiweka kando ya wote wawili, kama kadhi aliyekwisha kukata hukumu. Hebu tulichunguze neno hilo, maana ndani yake limo swali zito: Ni kitu gani kimzuiacho mtu asitende dhuluma ambayo wote wanaomzunguka wanaitenda na kuiona ni desturi?

Mwandishi mmoja wa Marekani, Octavia Butler, alilitungia swali hili riwaya nzima. Inaitwa Kindred, yaani watu wa ukoo mmoja, nayo ilitolewa mwaka 1979. Butler alieleza kwamba alisukumwa na maneno ya kijana aliyesoma naye chuoni, ambaye aliwalaumu wazee weusi kwa unyenyekevu wao wa miaka mingi. Butler alijua unyenyekevu ule ulitoka wapi. Mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani, akiingia katika nyumba za watu kwa mlango wa nyuma na kuyameza matusi, na kwa ujira huo binti yake alikula na kusoma.

Katika riwaya hiyo yumo Dana, mwanamke mweusi aishiye California mwaka 1976. Ghafla anatwaliwa na nguvu asiyoijua na kutupwa Maryland ya mwanzo wa karne ya 19, zama za utumwa. Huko anamkuta mtoto wa kizungu, Rufus, akizama mtoni, naye anamwokoa. Tangu hapo, kila Rufus anapokaribia kufa, Dana huvutwa tena kwake. Kisha anagundua kwamba Rufus, mwana wa mwenye shamba na watumwa, ni babu yake wa kale. Rufus akifa kabla ya kuzaa, ukoo wa Dana hautakuwapo.

Sasa utazame mtego huu. Rufus anakua na kumtamani Alice, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru, akafanywa mtumwa kwa sababu alimsaidia mumewe kutoroka. Rufus anamwagiza Dana amshawishi Alice aje kwake bila ya ubishi, ama sivyo atampiga mpaka akubali. Dana anajua kwamba kwa watu wawili hawa atazaliwa Hagar, ambaye ni bibi wa ukoo wake. Basi anakwenda na kusema na Alice, na Alice anakwenda kwa Rufus. Mwisho wa mambo, Rufus anamwongopea Alice kwamba watoto wake wameuzwa, na Alice anajinyonga.

Je, elimu ya Dana ilimkinga? Alikuwa amesoma historia. Alijua kwamba utumwa ni uovu na kwamba Marekani ingeukomesha mwaka 1865. Hata hivyo alizoea kidogo kidogo: leo ametii amri jikoni, kesho amelinyamazia tusi, keshokutwa amebeba ujumbe ambao asingaliubeba kamwe nyumbani kwake. Mumewe Kevin, mzungu mwema, naye alikwenda pamoja naye safari moja. Walipowaona watoto wa watumwa wakicheza mchezo wa mnada, mmoja akimnadi mwenziwe, Dana alishituka, lakini Kevin aliona ni mchezo wa watoto tu. Kevin hakuwa katili, ila yeye alikuwa akila mezani pamoja na bwana wa nyumba.

Usidhani kwamba haya ni ya hadithi tu. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa katika Maryland hiyo hiyo, akaandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1845. Anasimulia jinsi alivyopelekwa Baltimore akiwa mtoto, katika nyumba ya Sophia Auld, mwanamke ambaye hakuwa amepata kumiliki mtumwa. Mwanamke huyo alimpokea kwa upole na kuanza kumfundisha herufi. Mumewe akamkataza. Haukupita muda mrefu, yule mpole akawa mkali kumshinda mumewe, akimnyang'anya mtoto gazeti akimwona analo mkononi. Mamlaka juu ya binadamu mwenzake yaliuharibu moyo uliokuwa mzuri.

Mark Twain naye, katika riwaya yake ya Huckleberry Finn iliyotoka mwaka 1884, anatuonyesha upande mwingine. Mvulana Huck anasafiri mtoni pamoja na Jim, mtumwa mtoro. Dhamiri yake inamchoma! Inamwambia kwamba kumficha Jim ni wizi, na kwamba atatiwa motoni. Anaandika barua ya kumfichua, kisha anakumbuka wema wa Jim, anaichana, na kukubali liwalo na liwe. Alitenda haki huku akiamini kwamba anatenda dhambi, kwani mji mzima ulikuwa umemfundisha hivyo.

Hapa ndipo penye fundisho, ndugu msomaji. Dhamiri hufundishika. Watu husema, "Fuata dhamiri yako," lakini dhamiri ya mji wa Huck ilikuwa upande wa minyororo. Kwa hiyo mtu anahitaji kipimo kilicho juu ya desturi ya watu wake, akipime nacho hata kile ambacho moyo wake umekizoea.

Wala kuingia katika dini hakumwondolei mtu desturi hiyo kwa siku moja. Abu Dharr r.a. alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuamini, lakini siku moja alimtukana mtu kwa kumtajia mama yake. Mtume s.a.w. alimwonya kwamba bado ana ujahili ndani yake, akafundisha kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu: tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, na tusiwabebeshe mzigo wasiouweza. Ikiwa sahaba alihitaji kuonywa, mimi na wewe je?

Tena tusikimbilie kuwanyoshea kidole wengine. Mkristo humtaja Mwarabu, Mwislamu humtaja mzungu wa Amerika. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na sheria ya utumwa ikaondolewa huko mwaka 1897. Tanganyika ilingoja mpaka mwaka 1922. Miongoni mwa waliouza na walionunua walikuwamo waliofunga na kusali. Walikuwa na kipimo mikononi mwao, wakakitumia kwa mambo mengine.

Lakini tusiwachanganye waonewa na waoneaji. Kunyamaza kwa aliyefungwa si sawa na kunyamaza kwa aliyeshika ufunguo. Mpishi aliyeuziwa watoto wake, akabakiwa na mmoja, akainamisha kichwa asiuziwe na huyo, hatuna haki ya kumwita mwoga. Swali la "ningalikataa" linamwelekea zaidi yule aliyeketi mezani kama Kevin, maana yeye angaliweza kusema neno.

Basi tukitaka kujua kama tungalikataa zamani zile, hatuna haja ya kuvutwa mpaka Maryland. Tutazame nyumba zetu leo. Yupo msichana aliyeletwa kutoka kijijini kufanya kazi za ndani: anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, anakula kilichobaki, na mshahara wake "unawekwa." Wapo dada zetu waliokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, wakanyang'anywa pasi zao na waajiri. Haya huitwa ajira, nasi tumeyazoea.

Mtu akikuambia, "Lau ningalikuwako," mwulize kwa upole: msichana wa kwako analala wapi, na mara ya mwisho alilipwa lini? Akijibu bila ya kuona haya, huenda kweli angalikataa. Akinyamaza, usimcheke. Mwambie kwamba mlango wa kukataa bado u wazi, na akaanze leo hii kwa kumlipa haki yake.