Lenta ya Chumba cha Nyuma



Wapendwa vijana, leo naandika jambo lililonikaa rohoni tangu Januari. Linahusu nyumba yetu ya Bagamoyo, na swali ambalo nilidhani nimelimaliza darasani wakati nasoma falsafa: je, kunyamaza ni kusema uongo?

Nyumba aliijenga marehemu baba, ukielekea barabara ya Msata. Hakuwa na ramani. Alijenga kwa awamu, kadiri hela ilivyopatikana, na ukiingia tu unasoma historia ya mfuko wake. Mlango wa choo unafungukia sebuleni, kwa hiyo mgeni akienda kujisaidia familia nzima inajua. Chumba cha kati kina dirisha, lakini linatazama korido, maana zamani ule ulikuwa ukuta wa nje. Kwenda jikoni unashuka ngazi mbili ambazo kila mgeni ameshajikwaa, hata padre aliyekuja kuibariki nyumba. Na juu ya nguzo za baraza nondo zimechomoza kuelekea mbinguni zikisubiri ghorofa. Mpaka leo zinasubiri.

Hayo hayakuwahi kunisumbua. Mtakatifu Thomas wa Akwino, kwenye Summa, anauliza kama muuzaji analazimika kutaja kasoro za anachouza, na anatoa mfano wa farasi chongo. Kasoro inaonekana kwa macho, bei imeshuka kulingana nayo, basi muuzaji halazimiki kuipigia kelele. Mlango wa choo chetu ni farasi chongo. Mnunuzi atacheka, atapunguza laki mbili tatu, maisha yanaendelea.

Shida ni lenta ya chumba cha nyuma.

Baba alipofika kwenye lenta alikuwa ameishiwa, na mchanga wa mtoni ulikuwa ghali. Akachukua wa baharini. Nilikuwa darasa la tano, mimi ndiye niliyesukuma mkokoteni kwa nyuma, na nakumbuka nilivyojiona mwanaume siku ile. Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi inakula nondo taratibu. Nondo ikishika kutu inavimba, na ikivimba inapasua zege kutoka ndani. Miaka mingi huoni kitu. Halafu unaona mstari mwembamba, halafu doa la kahawia, halafu siku moja kipande cha zege ukubwa wa kiganja kinadondoka kitandani. Kwetu kilidondoka wakati mdogo wangu yuko kanisani. Tulimshukuru Mungu, tukasogeza kitanda.

Mwezi wa kumi na mbili nikaja likizo. Mama alikuwa ameamua kuuza, kwa sababu ya deni la matibabu ya baba na ada ya mdogo wangu anayesomea uuguzi. Baba mdogo akaleta saruji na rangi. Nikachanganya, nikaziba, nikapiga plasta, nikapaka rangi ya krimu. Dalali akapita, akasimama katikati ya chumba akasema, "Frateri, hapo umeua." Nilifurahi, sitaficha. Akashauri tuuze mapema, kabla ya masika. Kiangazi nyumba zote ni nzima.

(Wazee wa Mji Mkongwe wanaijua habari hii. Zile nyumba za zamani zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na vyumba vyake vyembamba vilifuata urefu wa boriti za mikoko. Chokaa inaruhusu ukuta kupumua. Akija mtu akaupiga saruji ili upendeze, unyevu unakosa pa kutokea na ukuta unaanza kuoza ndani kwa ndani. Nje unang'aa.)

Siku chache baadaye usingizi ukaanza kunipaa. Nikamwambia baba mdogo kwamba mnunuzi lazima aambiwe. Akanijibu, "Nani kauliza? Macho wanayo. Wakiwa na wasiwasi walete fundi wao. Wewe umeona wapi mtu anatangaza nauza nyumba mbovu?"

Nilibaki mdomo wazi, kwa sababu hoja ile naijua mwenyewe. Ni ya Diogenes wa Babuloni. Cicero, katika kitabu alichomwandikia mwanawe mwaka 44 KK, anasimulia ubishi wake na Antipater juu ya mtu anayeuza nyumba ambayo yeye peke yake anajua mbao zake zimeoza na vyumbani mna nyoka. Antipater anasema aseme. Diogenes anasema hakumlazimisha mtu kununua, na ni upumbavu gani kumtuma mnadi atangaze ubovu wa mali yako? Baba mdogo hajawahi kumsikia Diogenes. Ameishia darasa la saba na amefika palepale. Hata Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kunyamaza tu si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mtu ana wajibu wa kusema.

Thomas ana jibu zuri kwa habari ya mnadi. Anasema hulazimiki kutangaza sokoni, maana utawafukuza wateja wasijue hata mazuri ya kitu chako. Mwambie yule mmoja aliyekuja kununua. Nikamweleza baba mdogo. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa hoja ambayo sikuwa nimejiandaa nayo: "Kwa hiyo unataka watu wajue kaka yangu alijenga kwa mchanga wa bahari? Wewe si unasoma Biblia? Nuhu alipolala uchi, watoto wema walifanya nini?"

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

Mwanzo sura ya 9: Shemu na Yafethi walirudi kinyumenyume wakamfunika baba yao, na mwana wa yule aliyetangaza ndiye aliyelaaniwa. Hoja hii ilinipiga kuliko ya Diogenes. Ilinichukua siku nzima kuona tofauti: nguo ile haikuwa ya kuuzwa, na hakuna aliyelala chini ya Nuhu. Mimi sikumfunika baba. Nilifunika nondo iliyooza ili mtu alipe zaidi.

Hapo nikagundua kwamba nilikuwa nauliza swali lisilo lake. Nilikuwa nahangaika na amri ya nane, kama kunyamaza ni uongo. Thomas anajadili uongo mbali kabisa, swali la 110. Hili la farasi na nyumba mbovu kaliweka swali la 77, kwenye haki. Katekisimu, namba 2409, inataja udanganyifu katika biashara chini ya amri ya saba: usiibe. Mdomo wangu ungeweza kubaki safi kabisa na mkono ukawa umeiba.

Na Walawi 14 ndiyo ilinimaliza. Nyumba ikitokea madoa ya kijani au mekundu ukutani, mwenye nyumba mwenyewe anakwenda kumwambia kuhani. Kuhani anakuja, anakagua, ukuta unakwanguliwa, mawe mabovu yanatolewa. Sasa mimi ndiye ninayeelekea upadre, na badala ya kuukwangua ukuta nimeupaka rangi.

Mngetegemea niseme nilisimama nikatoa ushuhuda. Hapana. Wanunuzi walikuja Jumamosi, mume na mke kutoka Tegeta, mke akiwa mjamzito wa miezi saba hivi. Bei ilikuwa imeshakubalika, milioni 38. Walicheka mlango wa choo, wakajikwaa jikoni. Tulipofika chumba cha nyuma, yule dada akasimama chini ya dirisha, palepale, akasema, "Kitanda cha mtoto nitaweka hapa, apate upepo."

Nilifungua mdomo. Baba mdogo akanitazama. Nikaufunga.

Mama ndiye aliyemshika mkono. "Mwanangu, hapo usiweke. Hiyo lenta marehemu mume wangu aliijenga kwa mchanga wa bahari. Imeshadondoka mara moja. Huyu Frateri kaipaka rangi juzi." Alisema taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia ya kwenda kisimani.

Waliondoka bila kuaga vizuri. Wiki mbili baadaye wakarudi na fundi. Alipiga nyundo mara tatu, plasta yangu yote ikashuka, na nondo akaivunja kwa mkono kama biskuti. Akakagua na lenta nyingine, akaandika kwenye karatasi. Walinunua kwa milioni 30, na kitu cha kwanza walichofanya ni kubomoa ule ukuta.

Deni la hospitali limeisha. Baba mdogo anaitikia salamu yangu kwa kichwa tu. Mdogo wangu ameahirisha mwaka wa masomo, na anauza vitumbua asubuhi pale stendi. Nikimpigia simu ananitania, "Frateri, huyo Thomas wako hakuandika chochote kuhusu ada?" Tunacheka wote wawili. Halafu ananiuliza tena, na safari ya pili hacheki.