Inafanya Kazi, Lakini Unajua kwa Nini?

Andika 0.1 + 0.2 kwenye Python, lugha ambayo wanafunzi wengi wa programu huanza nayo, kisha bonyeza Enter. Kompyuta haitajibu 0.3. Itajibu 0.30000000000000004. Hakuna uchawi hapo. Ndani ya mashine namba huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kama vile theluthi moja isivyokwisha kuandikwa kwa desimali zetu, ndivyo sehemu moja ya kumi isivyokwisha kuandikwa kwa mfumo huo. Mashine hulazimika kuikata mahali fulani, na athari ya ukataji huo hujitokeza baadaye kwenye jumla.

Mwanaprogramu aliyeajiriwa juzi akiukuta mkia huo wa tarakimu kwenye salio la mteja, ana njia mbili. Anaweza kuagiza jibu likatwe kwenye desimali mbili, akaona skrini imesafika, akahamia kazi nyingine. Au anaweza kuuliza ule mkia umetoka wapi, akagundua kwamba fedha hazifai kabisa kuhifadhiwa kwa namba za aina hiyo, akaamua kuzihifadhi kwa senti, namba kamili isiyo na desimali: shilingi 150.50 ikawa 15050. Siku hiyo skrini zote mbili zitaonyesha kitu kimoja. Meneja hataona tofauti, wala mteja. Tofauti imo kichwani mwa aliyeandika tu. Je, tofauti isiyoonekana na mtu ina uzito wowote?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Katika mazungumzo yanayoitwa Meno, Plato anamwonyesha Sokrate akiuliza habari ya njia ya kwenda mji wa Larissa. Mtu aliyewahi kuipita njia hiyo atawaongoza wenzake mpaka wafike. Mwingine ambaye hajaipita, ila amekisia sawasawa, naye atawafikisha. Kama wote wanafika, elimu inaizidi vipi dhana iliyobahatika kuwa sahihi? Sokrate anajibu kwamba dhana sahihi ni nzuri muda wote inapokaa, lakini haikai. Hutoroka, mpaka ifungwe kwa kuijua sababu.

Karne nyingi baadaye Imamu Ghazali, ambaye jina lake si geni katika darsa za pwani yetu, alilipitia swali hilohilo kwa maumivu zaidi. Alikuwa mwalimu mashuhuri katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, na mwaka 1095 aliacha cheo na mji. Katika kitabu alichokiandika baadaye kuhusu safari yake ya ndani, anasema aliona jinsi watoto wanavyokua juu ya dini ya wazazi wao, kila kundi na lake, akatambua kwamba mengi aliyoyashika aliyapata kwa taklidi, yaani kwa kufuata tu. Alitaka yakini. Na mfano alioutoa ni wa hesabu. Mtu anayejua kwamba kumi ni zaidi ya tatu, akijiwa na mwingine anayedai kwamba tatu ndiyo zaidi, na ili kuthibitisha dai lake akageuza fimbo kuwa nyoka mbele ya macho yake, atastaajabia uwezo wa mtu yule, lakini hatayumba katika alichokijua.

Mfano huo unamfaa mwanaprogramu kuliko nasaha nyingi anazopewa wiki ya kwanza kazini. Programu inayofanya kazi mbele ya macho yake ni nyoka wa namna ile. Inavutia, inamfurahisha bosi, lakini yenyewe si hoja. Haielezi imefanyaje kazi, wala haiahidi kwamba kesho itafanya tena.

Gharama ya kuchanganya programu inayofanya kazi na programu inayoeleweka ilionekana hospitalini. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada, iliwapiga wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa kwa majeraha hayo. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka mashine ya awali, Therac-20, ambayo ilikuwa imetumika bila kisa cha namna hiyo. Ndiyo maana kampuni iliamini kwamba programu ni salama: imefanya kazi tayari.

Mwaka 1986, katika kituo cha saratani cha mji wa Tyler, Texas, mtumishi wa mashine aliandika herufi ya eksirei badala ya ile ya elektroni. Aliona kosa, akarudisha kishale juu, akasahihisha, akaendelea. Alikuwa mzoefu, vidole vyake vyepesi. Skrini ikatoa ujumbe: Malfunction 54. Mwongozo wa mashine haukueleza maana yake kwa namna ya kumsaidia, na mashine ile ilikuwa na mazoea ya kutoa jumbe za hitilafu mara kwa mara, kwa hiyo alibonyeza kitufe cha kuendelea kama alivyozoea. Mgonjwa alikuwa ameshaunguzwa. Akaunguzwa tena.

Mafundi wa kampuni walikuja, wakajaribu, wakashindwa kuiona hitilafu. Mgonjwa wa pili alipoumia hapohapo Tyler, mwanafizikia wa kituo, Fritz Hager, alikaa na mtumishi yule mbele ya kompyuta, wakarudia hatua zake moja baada ya nyingine mpaka wakafanikiwa kuutoa ujumbe ule kwa makusudi. Siri ilikuwa kasi. Sumaku za mashine zilihitaji kama sekunde 8 kujipanga, na mtu aliyesahihisha maandishi na kumaliza ndani ya muda huo aliiacha programu ikiamini jambo moja huku mashine imekaa katika hali nyingine. Mafundi walioandika polepole wasingeweza kuiona kamwe.

Kisha likaja jambo linalostahili kufundishwa katika kila darasa la programu. Kumbe kosa hilohilo lilikuwamo ndani ya Therac-20 miaka yote. Katika kituo kimoja cha Chuo Kikuu cha Chicago walikuwa wameona kwamba kila kundi jipya la wanafunzi lilipoanza kuitumia mashine hiyo, fyuzi zilikatika. Wanafunzi waliandika ovyoovyo, kwa mpangilio ambao mzoefu asingeufuata, na ovyo hiyo iliamsha kosa. Lakini Therac-20 ilikuwa na vizuizi vya umeme vilivyojitegemea, visivyoisikiliza programu, na ndivyo vilivyokata mionzi kabla haijamfikia mtu. Kwenye Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, kwa sababu programu ilikuwa imeonyesha kwamba inatosha. Wagonjwa wa awali walilindwa na fyuzi, sifa zikaenda kwa msimbo.

Kwa hiyo tabia ndogondogo ambazo wakongwe huwahimiza vijana wazishike zina maana kubwa kuliko unadhifu. Kusoma ujumbe wa hitilafu mpaka mwisho ni mojawapo. Python, kwa mfano, humwaga mistari mingi ya kutisha, lakini aina ya kosa na maelezo yake hukaa mstari wa chini kabisa. Anayeanzia juu huchoka kabla ya kufika. Nyingine ni ile ya Hager: kabla ya kurekebisha, fanya kosa litokee kwa makusudi. Kosa ambalo mtu hawezi kulitoa akitaka hajalielewa bado, na likipotea lenyewe baada ya yeye kugusa vitu vitano kwa pamoja, hajui ni kipi kilichoponya. Badilisha kimoja, jaribu, kisha kingine. Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 cha kutunza historia ya msimbo, kinaweza kumsaidia kumtafuta mhalifu kwa kugawa historia nusu kwa nusu: kati ya mabadiliko 1,000, lililoleta kosa hupatikana kwa hatua kama 10. Ila hilo linawezekana vizuri kwa aliyehifadhi mabadiliko madogomadogo, kila moja na kusudi lake, si kwa aliyerundika kazi ya wiki nzima katika fungu moja.

Na kuna dhana zinazoingia bila mtu kujua kwamba amedhani. Namba ya simu inayoanza na 07 ikihifadhiwa kama namba ya hesabu hupoteza sifuri yake ya mwanzo; ni maandishi, haijumlishwi na kitu. Mfumo wa kliniki unaopokea miadi ya "saa 2" kutoka kwa mgonjwa wa Morogoro na kuiandika 02:00 utamkumbusha usiku wa manane, wakati yeye alikusudia 08:00. Aliyeandika mfumo huo hakukosea hesabu. Alikuwa na jibu la swali ambalo hakuwahi kujiuliza.

Hata hivyo yakini ya Ghazali haipatikani kwa wingi katika kazi hii, na kijana anayeitaka kwa kila mstari hatamaliza hata mstari mmoja. Mholanzi Edsger Dijkstra alilisema wazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960: majaribio yanaweza kuonyesha kwamba makosa yapo, hayawezi kuonyesha kwamba hayapo. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alikwenda mbali zaidi katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984. Alieleza jinsi kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inavyoweza kupandikiza mlango wa siri ambao hauonekani popote katika msimbo unaosomwa. Kila mtu anayeandika programu anasimama juu ya kazi za watu asiowajua, na hawezi kuzikagua zote.

Hapa wanazuoni wa hadithi za Mtume wana la kufundisha. Wao pia walipokea maneno kwa mikono ya wengi, na hawakuwa na njia ya kurudi nyuma kuyasikia wenyewe. Hawakuyakataa yote, hawakuyakubali yote. Walidai isnadi: nani kamsikia nani, aliishi lini, kumbukumbu yake ilikuwaje, je, wawili hao walikutana kweli? Kuamini kwao kulikuwa kazi yenye kanuni. Mwanaprogramu anayeongeza maktaba ya msimbo kwenye mradi wake anadaiwa angalau sehemu ya bidii hiyo. Anayeitunza ni nani? Ilibadilishwa mara ya mwisho lini? Je, inahitajika kweli, au ni mistari kumi ambayo angeiandika mwenyewe?

Kwamba bidii hiyo si anasa ilionekana Machi 2024. Mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye seva zake za majaribio kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Angeweza kupuuza. Alifuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana data iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameutumikia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, akichangia kazi njema, mpaka akaaminiwa na kupewa funguo. Mpokezi alionekana mwadilifu, na isnadi ilivunjika kwake yeye. Kilichowaokoa wengi ni mtu mmoja aliyekataa kuiacha nusu sekunde bila maelezo.

Sasa kuna akili bandia zinazoandika msimbo, na taklidi imekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Kijana anaeleza shida yake, anapewa mistari mia moja, inafanya kazi. Si haki kumkataza. Vizazi vilivyomtangulia navyo vilinakili kutoka kwa watu wasiowajua. Lakini mistari hiyo haina hata msimuliaji wa kuulizwa. Aliyeipokea ndiye msimuliaji wa kwanza katika mnyororo, na mwenzake akimuuliza wakati wa kukagua kazi kwa nini mstari wa 40 uko hivyo, kusema kwamba mashine ndiyo iliyouandika si jibu.

Wajibu anaoweza kuutimiza ni huu: kujua mpaka wa ujuzi wake ulipo, na kuuandika. Maelezo ya badiliko kwenye Git hayahitaji kuwa marefu. "Vikumbusho sasa vinatumia saa za Afrika Mashariki. Nimejaribu miadi ya asubuhi na jioni. Sijajaribu mgonjwa aliye nje ya nchi. Maktaba ya kutuma meseji nimeichukua kama ilivyo." Sentensi mbili za mwisho ndizo zenye thamani zaidi, na ndizo ambazo wengi huona aibu kuziandika. Waajiri wana sehemu yao katika aibu hiyo. Anayehesabu kazi zilizomalizika ifikapo Ijumaa, na kumdharau anayesema hajaelewa bado, ananunua dhana kwa bei ya elimu.

Uingereza ililipa bei hiyo kwa zaidi ya muongo. Mfumo wa Horizon wa Shirika la Posta, ulioendeshwa na Fujitsu, ulionyesha upungufu wa fedha kwenye vituo vidogo vya posta, na kati ya 1999 na 2015 zaidi ya wasimamizi 900 wa vituo hivyo walitiwa hatiani. Baadhi walifungwa, wengine walifilisika wakilipa fedha ambazo hazikupotea. Wakala yeyote wa pesa za simu, Kariakoo au Kisumu, aliyewahi kufunga hesabu jioni akakuta floti haikubaliani na daftari, anaweza kuwaza ingekuwaje kama mashine ingeaminiwa daima dhidi yake. Mahakama za kule zilianza na dhana kwamba kompyuta ilikuwa sawa. Mwaka 1999 Bunge lilikuwa limefuta sharti la kumtaka mshtaki kwanza athibitishe hivyo.

Dhana hiyo ilivunjwa kwa sehemu kubwa na kumbukumbu za ndani za Fujitsu zenyewe, orodha ya makosa yanayojulikana, ambamo mafundi wa kawaida wa msaada walikuwa wakiandika, kosa baada ya kosa, kile walichokiona na kile ambacho hawajakielewa. Orodha hiyo ilifika mbele ya Mahakama Kuu, na Desemba 2019 jaji aliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu ule. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuwafutia mamia waliobaki.