Nywele za Kwanza za Mtoto: Tunanyoa kwa Imani au kwa Hofu?



Vijana wenzangu, wengi wetu tumeshaanza kuitwa baba na mama, au mjomba na shangazi. Basi kuna swali linalozua ubishi nyumbani mtoto akikaribia arobaini: zile nywele alizozaliwa nazo zinyolewe, na zikinyolewa ziende wapi? Bibi anataka zikusanywe zote, hata unywele mmoja usibaki, zifukwe mahali pa siri. Mama wa mtoto, ambaye yuko karismatiki, anasema huo ni ushirikina, mtoto hanyolewi ng'o! Nani yuko sahihi?

Twende taratibu. Kanisa linatufundisha kupima tendo kwa mambo matatu: kitendo chenyewe, nia, na mazingira (KKK 1750). Kunyoa kwenyewe hakuna ubaya. Wakatoliki wenzetu wa Mashariki wanaofuata liturujia ya Kibizanti humkata mtoto nywele kidogo kwa alama ya msalaba anapobatizwa, kama sadaka yake ya kwanza kwa Mungu. Majirani zetu Waislamu, katika akika, hunyoa siku ya saba na kuwapa maskini sadaka ya madini ya fedha yenye uzito wa zile nywele. Hana naye aliahidi kinyume chake, kwamba wembe hautagusa kichwa cha mwanae (1 Sam 1:11). Huyu ananyoa, yule hanyoi, na wote wanamwelekeza mtoto kwa Mungu.

Kwa hiyo tuangalie nia. Ukifukia nywele kwa usafi, au kwa heshima tu, mimi sina neno. Lakini ukizificha kwa sababu unaamini atakayeziokota ameushika uhai wa mtoto, hapo tayari una imani nyingine. Na hoja yenyewe haisimami. Nywele nyingi za kichanga hudondoka zenyewe miezi ya mwanzo. Ziko kwenye shuka, kwenye kanga ya mama, kwenye bega la kila aliyempakata, hata kwenye daladala. Utazikusanya zote?

Ila kuna jambo linalonisumbua zaidi. Hofu ya kurogwa huwa ina sura ya mtu. Hebu jiulize: nywele hizo unamficha nani? Mara nyingi ni shangazi asiye na mtoto, au yule mama mzee wa nyumba ya pili. Hapa Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, miaka na miaka wakiwapikia watoto! Panga huja mwisho. Kabla yake kuna minong'ono ya nyumbani, na mtoto anakua akijua ni nyumba gani asikanyage.

Ndiyo maana naona ushirikina haugusi amri ya kwanza peke yake. Unagusa pia ya nane, kwa sababu unamhukumu jirani bila ushahidi wowote (KKK 2477).

Sasa tufanyeje? Kwanza, usimwite bibi mshirikina. Pengine amezika watoto enzi zile surua ilikuwa inabeba wengi, na hofu yake ni upendo. Mwambie kwa adabu: "Bibi, mnyoe wewe mwenyewe. Wembe mpya huu hapa. Ila kabla hujaanza, tusali wote." Akimaliza, nywele zifukwe au zitupwe mchana kweupe, bila siri.

Pili, na hili ndilo gumu: yule jirani mnayemshuku, mwalikeni siku hiyo. Mpeni mtoto ampakate. Yesu alisema Baba amezihesabu nywele zetu zote (Mt 10:30). Kama kweli tunasadiki hivyo, tuoneshe kwa kumfungulia mlango.

Tusali: Ee Baba, tunakukabidhi watoto wetu. Ondoa hofu nyumbani mwetu, na utusamehe pale tulipomwona jirani kuwa adui. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.