Ziwa la Kukodi

Kuna watu wanaokodi ziwa. Si chumba kando ya ziwa, si boti peke yake. Ni ziwa zima, kwa saa moja au mbili, hasa asubuhi upepo ukiwa bado haujaamka. Wakimaliza wanalipa, wanafunga mizigo, wanarudi kwao. Nilipowasimulia majirani wa zoni yetu, mmoja alicheka, mwingine alikasirika, na mama mmoja mtu mzima akauliza: "Sasa hiyo pesa wanamlipa nani? Mungu?"

Ndugu msomaji, swali la mama huyo ni zito kuliko linavyosikika. Nimelibeba kwa wiki kadhaa, maana nyuma yake kuna jambo letu wenyewe. Hapa kambini kuna watu wamependekeza uwanja wetu wa mpira ukodishwe kwa saa. Anayejua kama ni halali kukodi ziwa atajua pia la kusema kuhusu uwanja. Basi tuanze na ziwa.

Mtoto wa mama yangu mdogo alipanda ndege miaka michache iliyopita, sa hivi yuko Texas. Moja ya vibarua vyake ni kufyeka majani kwenye kingo za ziwa la namna hiyo. Yeye ndo alinielezea kwanza, kwa ujumbe wa sauti, na mengine nimeyasoma mwenyewe. Ziwa ni dogo, refu kama mita 600 au 700 hivi, jembamba, kina chake mita mbili tu au karibu na hapo. Limechimbwa kwa mashine. Mengine ya aina hiyo yalianza kama mashimo ya kuchotea udongo wa kujengea barabara, baadaye maji yakayajaza.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mtu anavaa ubao mmoja au mbao mbili miguuni, anashika kamba, boti yenye injini inamvuta mpaka anasimama juu ya maji na kuteleza. Huko ndo kuskii majini. Kuna na mdogo wake, weikibodi. Huyo anafungwa miguu yote miwili kwenye ubao mmoja mpana, anasimama kiubavu, na anatumia wimbi la boti kurukia hewani.

Mchezo huu haukuzaliwa kwenye maji ya mtu. Mwaka 1922 kijana wa miaka 18, Ralph Samuelson, aliujaribu huko Lake City, jimbo la Minnesota, kaka yake akimvuta kwa boti. Alianza na mbao za pipa, zikamshinda. Akajaribu mbao za kutelezea kwenye theluji, nazo zikamshinda. Mwisho akatengeneza zake mwenyewe, akazikunja ncha, akasimama. Maji yalikuwa ya ziwa Pepin, ambalo ni sehemu pana ya mto Mississippi. Kila mtu alipita pale. Na Samuelson hakuandikisha hata hataza ya alichobuni.

Sasa kwa nini watu waache maji ya bure waende kuchimba ya kulipia? Sababu ni wimbi. Kwenye mashindano ya slalomu boti inapita katikati ya njia ya mita 259, na anayevutwa anatakiwa kuyazunguka maboya sita, matatu kila upande. Mwendo unafika kilomita 58 kwa saa kwa wanaume, 55 kwa wanawake. Akifaulu kwenye mwendo huo, kamba inafupishwa, halafu inafupishwa tena. Kwa mwendo huo hata wimbi dogo ni sawa na jiwe barabarani. Boti moja ya mvuvi ikipita, zoezi limekwisha. Ndo maana ziwa lao lina kingo zilizolala taratibu, ili wimbi lifie pale lisirudi. Mengi yana kisiwa kidogo kila mwisho, boti inakizunguka bila kuyarudisha mawimbi yake njiani.

Watu wa weikibodi wanataka kinyume kabisa. Boti yao inajazwa maji kwenye matangi makusudi, iwe nzito, izame nyuma, itoe wimbi kubwa. Kwa hiyo maziwa mengi ya skii hayapokei boti za weikibodi. Wimbi lao linakula kingo na linamharibia mwenzao maji. Hawa ni watu wanaopenda maji yaleyale, wanaoshika kamba zinazofanana, lakini hawawezi kukaa pamoja saa ileile.

Kwa hiyo mama, jibu langu la kwanza ni hili: hawalipi maji. Maji hayapungui kwa kuskii. Wanacholipia ni kutokuwepo kwa watu wengine. Wanakodi saa moja ambayo hakuna atakayewakata njia.

Je, ni dhambi? Jirani aliyekasirika alisema ndiyo. Alisema sisi hapa tunapanga madumu tangu saa kumi alfajiri, na wao wanachezea ziwa. Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma ukurasa huu wanaujua mwongozo wa Sphere: angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na watu wasiozidi 250 kwa bomba moja. Sisi tunaujua kwa mgongo. Hasira yake naiheshimu, ila naona imepiga mtu asiyehusika. Lile ziwa la Texas likikauka kesho, bomba letu halitaongeza hata tone. Tuko mkoa wa Kigoma. Ziwa Tanganyika liko upande wetu huu, kina chake kinafika karibu mita 1,470, ni moja ya akiba kubwa za maji baridi duniani, na bado tunahesabu madumu. Kinachopungua kwetu ni pampu, dizeli, mabomba, na uamuzi wa mtu mahali fulani kwamba bajeti iwe kiasi hiki. Tukimlaumu mcheza skii, wanaopaswa kuulizwa wanalala vizuri.

Lakini kusema hajatunyima maji si kusema ana haki. Hilo lina mizani yake, na watu wameitafuta tangu zamani. Sheria za Warumi zilizokusanywa chini ya mfalme Justinian, mwaka 533, zilisema hewa, maji yanayotiririka, bahari na pwani ni vya watu wote. Sheria ya rasilimali za maji ya Tanzania ya mwaka 2009 inafuata njia inayofanana: maji ni ya umma, Rais anayashika kama mdhamini tu. Kwa upande mwingine, Mwingereza John Locke aliandika mwaka 1689 kwamba mtu akiweka jasho lake kwenye kitu, kinakuwa chake, mradi awabakizie wengine cha kutosha na kizuri vilevile.

Kwa kipimo cha Locke, shimo lililochimbwa linaweza kuwa na mwenyewe. Hakuna aliyekuwa anakunywa pale, na wavuvi wana mito na maziwa mengine. Hata hivyo nina neno moja. Ardhi ile ya Texas ilikuwa na wenyeji kabla ya wenye hati, na wengi wao walifukuzwa. Sisi ambao nyumba zetu sa hivi zinalaliwa na watu wengine hatuwezi kusoma neno "mwenye ardhi" bila kuuliza alianza lini.

Kisha kuna kufunga na kufunga. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa mtu anayeishi kwa dagaa na migebuka hiyo ni miezi mitatu migumu. Lakini ziwa lilifungwa kwa ajili ya wote, pamoja na aliyefungiwa, kwa sababu Septemba naye atavua. Ziwa la kukodi linafungwa kwa ajili ya mmoja, na aliyefungiwa hana atakachokipata baadaye. Hapo ndipo maadili yanapotofautiana, ingawa geti linafanana.

Na kuna zamu na kodi. Vyote viwili vinagawa kitu ambacho watu hawawezi kukitumia kwa mara moja. Kwenye zamu unaulizwa umefika lini. Kwenye kodi unaulizwa una nini mfukoni. Hata kwenye mchezo huu watu wamejaribu kusogea upande wa zamu. Mjerumani Bruno Rixen alibuni, miaka ya 1960, mtambo wa nguzo na nyaya unaozunguka juu ya maji na kuvuta watu kadhaa kwa pamoja, bila boti. Watu wanapanga mstari, anayeanguka anatoka, anarudi nyuma ya mstari. Bado wanalipa, lakini gharama inagawanyika kwa wengi. Kwa hiyo kuwa peke yako ni njia moja tu ya kucheza, na si lazima iwe pekee.

Sasa uwanja. Pendekezo lenyewe liko hivi: timu ilipe kwa saa, wasiolipa wasubiri nje, pesa inunue nyavu na mipira. Waliopendekeza si watu wabaya. Nyavu zimechanika kweli, na mpira mmoja unashonwa kila wiki.

Nauliza maswali matatu yaleyale. Nani aliutengeneza? Ziwa la Texas lilichimbwa na mwenyewe kwa gharama yake. Uwanja wetu ulilimwa na kusawazishwa na vijana wa pande zote, kwa majembe, bila malipo. Aliyefungiwa ana pa kwenda? Mvuvi wa kule anapo. Mtoto wa hapa anayeondolewa uwanjani anakwenda barabarani kwenye magari, maana kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Wimbi linaishia wapi? Kule wamejenga kingo za kulinyonya. Hapa hakuna kingo. Anayekosa uwanja anarudi nyumbani na hasira yake, na nyumba ni chumba kimoja cha watu saba.

Kwa maswali hayo, kukodisha uwanja ni kosa. Locke mwenyewe angelikataa, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuwatosha wengine.

Ila tusikimbilie kusherehekea. Mcheza skii ana hoja moja ya kweli, nayo inatuhusu. Kuna mambo hayawezekani kabisa bila saa isiyokatwa. Tazama timu ya mabinti. Wameomba uwanja mara nyingi, na uwanja ni "wa wote," kwa hiyo hakuna anayewakatalia. Wanafika saa kumi jioni, wanaanza kupasiana, na wavulana wanaingia na mpira wao katikati. Hakuna aliyefanya kosa, uwanja ni wa wote! Baada ya dakika ishirini mabinti wako pembeni, wamesimama, wanatazama. Ndiyo boti ya mvuvi inayopita njia ya maboya. Kitu cha wote kisicho na utaratibu kinakuwa cha wenye nguvu, tena bila hata kulipia.

Kwa hiyo nasema hivi kwa kamati ya michezo na kwa wote wenye sauti. Jumanne na Alhamisi, saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu, uwanja ufungwe kwa ajili ya mabinti. Ufungwe kweli, na mtu mzima asimame pale. Saa nyingine zigawanywe kwa zamu, na watoto wadogo wapate yao. Nyavu zinunuliwe kwa mchango, kila mtu kadiri anavyoweza, na aliyechanga elfu kumi asipate dakika hata moja zaidi ya aliyechanga jasho la kushona mpira. Mtu atasema mchango hautatosha. Pengine. Basi tutacheza na nyavu zilizochanika, kwa zamu.

Na kwa ndugu zetu wa mashirika: mnapima lita, mnapima mita mpaka bombani, na mnafanya vema kupima. Kwenye fomu zenu sijaona mahali pa kuuliza mtu wa kambini anapata saa ngapi kwa wiki ambazo hakuna anayemkata njia: kusoma, kuomba, kufanya mazoezi, kunyamaza. Mtu wa Texas anayetoa pesa yake alfajiri ametuonyesha kwamba saa hiyo ina thamani kiasi cha watu kuchimba ziwa kwa ajili yake. Mwulizeni msichana mmoja wa timu ile atawajibu ina thamani gani kwake. Yeye hana pesa ya kukodi, na hatakiwi kuwa nayo.