Je, Ndege Ana Dhambi?

Katika vijiji vyetu kuna neno ambalo watu hulitumia kama ngao. Mtu hufiwa na ndugu yake, hutwaa shamba, mtumbwi na nyavu, humwacha mjane na yatima mikono mitupu. Wazee wakimwuliza, hujibu: "Hata viumbe wa porini hufanya hivyo. Mwenye nguvu hula kwanza." Neno hili lafaa kupimwa, na tutalipima kwa ndege wenyewe.

Asubuhi moja ya kiangazi niliwapeleka wanafunzi wangu ukingoni mwa mabwawa ya Upemba, huku Katanga, ambako sehemu ya nchi imekuwa hifadhi tangu mwaka 1939. Hatukuchukua mtego wala manati, na jambo hilo liliwashangaza. Ukungu ulipoinuka juu ya mafunjo, tulimwona yule ndege mkubwa wa rangi ya majivu, kimo chake zaidi ya mita 1, mdomo wake mpana kama kiatu cha mti. Alisimama kimya kabisa akimvizia kambale. (Watoto wangu hawakai kimya hivyo hata kanisani.) Kisha tukaingia katika miombo, na hapo alitujia segu, ndege mdogo aongozaye watu penye asali, akilia na kuruka mti kwa mti ili tumfuate.

Ndege hawa wawili husifiwa sana, mmoja kwa uvumilivu, mwingine kwa urafiki wake na watu. Lakini tazameni viota vyao. Yule mkubwa hutaga mara nyingi mayai mawili, na kwa kawaida kinda mmoja tu hukua. Wa kwanza kuanguliwa humpiga mdogo wake na kumnyima chakula mpaka afe. Segu naye hutaga katika tundu la ndege wengine, kama wale walao nyuki. Kinda lake huzaliwa kipofu, lakini ncha ya mdomo wake ina kulabu kali. Gizani humo huwauma makinda wenye nyumba mpaka wafe wote, ili chakula kiwe chake peke yake. Baadaye kulabu hizo hutoka.

Je, amefanya dhambi? Mmefundishwa kwamba dhambi ya mauti yataka mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu alijue, na alikubali kwa hiari yake. Kinda la segu halijui kitu. Halikuchagua kulabu zake, wala haliwezi kujizuia. Basi halina hatia.

Lakini kama ndege hana hatia, hawezi pia kuwa shahidi wa mtu. Yule anyang'anyaye yatima ataka usafi wa ndege pamoja na werevu wa binadamu. Yeye hungoja usiku ndipo ahamishe nyavu. Huhesabu nani atamtetea mjane na nani atanyamaza. Halafu hutafuta neno la kujitetea. Ndege gani amewahi kutafuta udhuru? Kule kuutafuta kwenyewe kwaonyesha kwamba mtu huyu ajua alilolitenda.

Hapa sisi walimu nasi tujiangalie. Twapenda kumsifu chungu kwa bidii yake na njiwa kwa upole wake. Sawa, mifano husaidia kukumbuka. Lakini tukisema kwamba chungu atuamuru kufanya kazi, mtu mwingine atasema kwamba segu amruhusu kuua, naye atakuwa amefuata njia yetu ileile. Hata segu atuongozapo, hatendi ukarimu, maana aitamani nta. Mwindaji ndiye awezaye kumwachia nta kwa shukrani, au kuondoka na masega yote.

Tulipokuwa tukirudi, msichana mmoja aliuliza: "Mwalimu, basi yule kinda mdogo alizaliwa kwa nini?" Nilimjibu kwamba yai la pili ni akiba, maana la kwanza likiharibika, kiota hakibaki kitupu. Alifikiri kidogo, akasema: "Hilo lamfaa mama yake. Mimi nimeuliza juu ya kinda."